Nyumba ya Fito Kule Herefordshire

Nyumba ya kwanza tuliikosa wakati nimeshachagua mpaka kona ya kuweka mbuzi yangu ya kukunia nazi. Ilikuwa Leominster, mji mdogo wa mkoa wa Herefordshire, magharibi mwa England, nyumba ya matofali, vyumba vitatu, na mwenyewe alikuwa ameshakubali bei yetu. Dalali alipiga simu kutupongeza. Mume wangu akampigia mama yake Tanga, mama mkwe akatusomea dua, mimi nikaanza kuokota maboksi madukani. Miezi mitatu baadaye dalali huyohuyo akapiga tena, sauti imepoa: kuna mtu ameongeza pauni 10,000 na mwenye mali ameamua kumpa huyo.

Nilidhani ni wizi. Wakili akanieleza kwamba si wizi, ndiyo sheria ya England. Bei mliyokubaliana, hata kama imeandikwa kwenye barua, haimfungi mtu mpaka mawakili wa pande zote mbili wabadilishane mikataba iliyosainiwa. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kuchukua hela ya mwingine, na mnunuzi naye anaweza kujitoa asubuhi ya siku ya mwisho. Sisi tulikuwa tumeshamlipa mkaguzi wa majengo na upekuzi wote wa wakili, karibu pauni 1,900, na haikurudi hata senti. Nilimuuliza dalali kwa nini hakutudokeza kwamba kuna mtu mwingine anaizungukia nyumba. Akajibu kwa upole kabisa:

"Hamkuuliza."

Sikumsamehe upesi, lakini jibu lile limenifaa kuliko ushauri wote wa bure niliopewa na ndugu zetu walioko London. Dalali wa kule analipwa na muuzaji. Atakuchekea, atakufungulia milango, atawasifia watoto wako, ila yuko kazini kwa mtu mwingine. Na anayeuza halazimiki kukusimulia kila ufa wa ukuta wake. Kanuni yao ya tangu zamani ni mnunuzi ajihadhari. Ipo fomu ndefu ambayo muuzaji huijaza kuhusu nyumba, na akiulizwa jambo akajibu uongo unaweza kumdai fidia. Asipoulizwa, ananyamaza zake. Mimi nimekulia Pangani, ambako mtu akitaka kukuuzia mbuzi, majirani zake watatu watakunong'oneza kwamba anakohoa kabla hujatia mkono mfukoni.

Tulikuwa Hereford mjini tangu 2016, chumba na sebule juu ya duka la chipsi, mimi zamu za usiku za uuguzi, mume wangu akiendesha lori. Asubuhi nikirudi kulala ndipo mashine ya kumenya viazi inaanza kazi. Nilitaka kimya. Nasema hivi ili mtu asidhani tulikimbilia kijijini kwa ajili ya maua na ndege. Mwaka 2022 tulipata ukaazi wa kudumu, benki zikaanza kutusikiliza vizuri zaidi, na mwanzoni mwa 2023 tukaiona nyumba ya pili.

Kaskazini mwa Herefordshire, ukielekea mpaka wa Wales, kuna vijiji vya nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi. Watalii huenda kuzipiga picha Weobley, Pembridge na Eardisland. Chetu hakipigwi picha sana. Kina kanisa la mnara mfupi, baa moja, ukumbi wa kijiji, sanduku la posta, na basi ambalo ukilikosa unangoja siku nyingine, si saa nyingine. Duka hakuna. Nyumba yenyewe ni ya karne ya 17, vyumba viwili, mlango ambao mume wangu hapiti bila kuinama, na hakuna ukuta hata mmoja ulionyooka. Bei pauni 285,000. Dalali alituambia kupinda kule ndiyo haiba yake.

Safari hii sikungoja kuambiwa. Benki ilimtuma mtu wake kuja kuthamini, na wengi huishia hapo wakiamini nyumba imekaguliwa. Haijakaguliwa. Yule anaangalia tu kama benki ikija kuinyang'anya itapata hela yake. Tukatafuta mkaguzi wetu wenyewe, ukaguzi wa ngazi ya tatu, ambao ndio wa kina zaidi, zaidi ya pauni 1,000, nami nikamwomba nifike mwishoni mwa kazi yake anionyeshe kwa kidole.

Alikuwa mzee mrefu mwenye tochi kichwani. Kwenye ukuta wa magharibi alitoa kidude cha kupimia unyevu chenye miiba miwili, akakichomeka kwenye lipu, kikalia kama kuku aliyekanyagwa. Akasogea nusu mita, kikalia tena. Kisha akanipandisha darini. Huko juu, nyuma ya dohani, palikuwa na kipande cha ukuta ambacho hakikuwahi kupigwa lipu. Akamulika. Nikaona fito. Fito zimesimamishwa, nyingine zimesukwa katikati yake, udongo umekandikwa humo pamoja na mabua ya ngano, na kwenye udongo alama za vidole vya mtu aliyeukandika: vinne na gumba, vimekauka pale miaka mia tatu na kitu.

Nikaanza kucheka. Mkaguzi akauliza kulikoni. Nikamwambia bibi yangu alikuwa na nyumba hii. Akadhani sikuelewa, akanieleza polepole kwamba hizo ni fito za hazel, mti wa kwao, huo ni udongo wenye mabua na samadi, nguzo ni za mwaloni, nje kulikuwa na chokaa. Nikamwambia naelewa, zetu ni za mikoko, na kila baada ya masika tulikandika upya palipodondoka. Kazi ya sisi watoto ilikuwa kuukanyaga udongo mpaka ulainike. Akaketi juu ya boriti. Tangu nifike nchi ile sijawahi kuulizwa na Mwingereza jambo la ujenzi. Yeye aliniuliza: mlikuwa mnafanyaje usipasuke ukikauka?

Ugonjwa wa ukuta wa magharibi ulikuwa rahisi kuueleza. Miaka ya nyuma mtu alibandua chokaa akapiga simenti. Ukuta wa udongo na mbao hunywa maji ya mvua kidogo, kisha ukayatoa kukikauka, na chokaa huyapisha. Simenti haipishi. Inapata ufa mwembamba, maji yanaingia, hayana pa kutokea, na mwaloni uliovumilia karne tatu unaanza kuoza kwa ndani kama jino. Mjomba wangu ni fundi wa chokaa, na amezeeka akiwagombeza watu Pangani kwa jambo hilohilo, watu waliopaka simenti nyumba za wazee wao kwa sababu simenti ndiyo maendeleo.

Nilirudi nyumbani nikaandika maswali 43. Wakili wetu, mama mmoja mvumilivu, aliyapunguza yakawa kama 20, akayapeleka. Mawili yalilipa gharama yake yote.

La kwanza lilikuwa la madirisha. Nyumba ile ni jengo la urithi, Daraja la II. Maana yake huwezi kubadilisha sura yake, nje wala ndani, bila kibali cha halmashauri. Kufanya bila kibali ni kosa la jinai, na amri ya kurudisha mambo yalivyokuwa inaweza kumwangukia mwenye nyumba wa leo hata kama aliyeharibu ni wa jana. Hakuna miaka ya kungoja ili amri hiyo isikufikie. Madirisha mawili ya nyuma yalikuwa ya plastiki. Nani aliyaweka, na kwa kibali gani? Kimya cha wiki tatu. Kisha ikaja sentensi moja: kibali hakijapatikana kwenye kumbukumbu. Dalali alipendekeza bima ndogo ya kufunika jambo hilo, wakili wangu akamcheka kwenye simu.

La pili, karo la maji taka. Kijiji hakina bomba la maji taka, kila nyumba ina karo lake chini ya bustani. Letu lilikuwa likimwaga kwenye mtaro unaoshuka kijitoni, na tangu 2020 karo la kawaida haliruhusiwi kumwaga moja kwa moja kwenye mto wala mtaro. Lazima uweke mtambo wa kusafisha, au maji yaende kuzama ardhini. Na mito ya huko ina kesi yake: bonde la mto Lugg limejaa fosfeti, uchafu wa mbolea na maji taka, kiasi kwamba kuanzia 2019 vibali vya nyumba mpya vilikwama. Kwa hiyo karo halikuwa jambo la kusema tutaliona mbele ya safari.

Tukashuka hadi pauni 262,000, muuzaji akakubali. Kodi ya serikali ya kununua nyumba tuliikwepa kihalali, maana wakati ule anayenunua kwa mara ya kwanza hakulipa kitu kwa nyumba isiyozidi pauni 425,000; tangu Aprili 2025 kiwango hicho ni 300,000. Siku ya kubadilishana mikataba tukatoa asilimia 10. Hapo ndipo nilipomwambia mama mkwe sasa aisome ile dua.

Tulihamia Oktoba. Nikakaanga maandazi ya iliki nikayafunika, maana kwetu mhamiaji huletewa maji, huletewa chai, na huletewa maswali, na wewe huwezi kukaa bila cha kuwapa hao wageni. Siku ya kwanza hakuna aliyebisha hodi. Ya pili, hakuna. Ya nne tukayala wenyewe, yamekuwa magumu, tunachovya kwenye chai.

"Hawa hawatutaki, mama Zuhura," mume wangu akasema.

Ila barabarani niliona kitu. Njia za kule ni nyembamba, ua mrefu wa miti kulia na kushoto, magari mawili hayapishani mpaka mmoja arudi nyuma hadi penye upana. Ukimpisha mtu, anainua kidole kimoja kwenye usukani. Kimoja tu, cha shahada, wala mkono hauachi usukani. Ilinichukua wiki nzima kung'amua kwamba ninaamkiwa. Mtu aliyelelewa na habari za asubuhi, za watoto, za huko utokako, za mgonjwa wenu, hawezi kuitambua mara moja salamu ya kidole. Siku hizi nami nainua, na binti yangu anasema naiinua kwa mbwembwe.

Januari tukaishiwa mafuta. Kijiji hakina gesi ya bomba. Nyumba inapashwa joto na boila, na boila inakula mafuta yaliyo kwenye tangi bustanini. Nilipoyanusa niliguna. Mafuta ya taa. Nimevuka bahari kuja kuota moto wa mafuta ya taa. Hatukujua kuangalia geji, na alfajiri moja boila ikazima, nje kumeganda, maji ya mbwa wa jirani yamekuwa jiwe kwenye bakuli. Wauza mafuta wakasema hawaleti chini ya lita 500, na foleni ni siku tisa.

Nikavaa koti juu ya kanga nikavuka kwa jirani, mzee wa miaka 84. Kwa umri ule ulimi wangu unatamani kumwamkia shikamoo. Yeye anataka aitwe jina lake la kwanza kama mtoto wa shule. Nimeafikiana na nafsi yangu kutomwita chochote. Akanipa hita mbili za umeme, akapiga simu moja. Kumbe kijiji kizima huagiza mafuta pamoja, lori moja, bei inapungua, na kuna mama anayeandika majina kwenye daftari. Lori la Desemba lilikuwa limepita mbele ya lango letu.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Hatukutaka kuwaingilia mambo yenu," akasema. Kisha, kwa aibu kidogo, "Na hamkuuliza."

Neno lilelile la dalali, lakini mdomoni mwake lilikuwa na maana nyingine kabisa. Dalali alinyamaza kwa faida. Mzee huyu na wenzake walinyamaza kwa adabu. Sisi nasi tulikuwa tumenyamaza kwa adabu, tusiwe wageni wasumbufu. Adabu mbili zimetazamana kupitia ua wa miti miezi mitatu, na watoto wangu wamelala na makoti.

Jioni ile nilikaanga maandazi mengine, na sikungoja mtu. Nilizunguka nayo, nyumba kumi na moja. Kumi zilifungua. Ya kumi na moja haijafungua mpaka leo. Nadhani kila kijiji duniani kina moja. Kwenye nyumba ya tatu nililia, sijui kwa nini, mama wa watu akaniwekea chai ya maziwa isiyo na tangawizi nikainywa kama dawa. Na kwa kuwa sasa nilikuwa nauliza, niliuliza yote. Nani anakata huu ua? Kengele za Jumanne usiku ni za msiba? (Ni wapiga kengele wa kanisa wanafanya mazoezi.) Mapipa ya rangi ipi hutoka siku ipi? Yale ambayo nilidhani ni siri yao, hakuna aliyekuwa ameyaficha.

Jambo moja tulikuwa nalo mkononi tangu mwanzo na hatukulisoma. Kwenye ramani ya wakili kulikuwa na mstari wa vidoti pembeni mwa bustani. Jumamosi moja ya masika ya kwao naanika kanga kambani, mume wangu akaona mwanamume na fimbo mbili anakatiza nyuma ya banda letu, anatusalimu kwa kichwa, anaendelea. Akamfuata na fagio. Kumbe mstari ule ni njia ya miguu ya watu wote, imo kwenye ramani rasmi, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuiziba. Yule bwana alisimama akamwelekeza mume wangu vizuri kabisa haki zake yeye mpita njia, fagio likiwa bado juu. Sasa hupita kila Jumamosi na wanazungumzia mpira.

Nisije nikaisifu nyumba kwa sababu nimeilipia. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na bila gari wewe ni mfungwa. Sikukuu ya Idi tunaendesha saa nzima na zaidi kufuata watu. Tumekuwa familia pekee ya Waafrika, na kuna mtu baa ambaye amemuuliza mume wangu mara tatu anatoka wapi hasa hasa, kila mara kama hajawahi kuambiwa. Msiba wa kaka yangu niliupokea kwenye simu, nimesimama kwenye bustani kwa sababu ndani mtandao haukamati, na hapakuwa na mtu wa kunishika mkono mpaka yule jirani mzee aliponiona amekaa dirishani. Alikuja. Hakusema neno. Alisimama tu karibu yangu, mbwa wake amekaa kwenye miguu yetu, mpaka nilipomaliza. Kimya kile sikuwa na la kukilaumu.

Kuna usiku mmoja wa Januari wanakwenda kwenye bustani ya matufaha na mienge. Wanauzunguka mti mkubwa kuliko yote, wanaweka mkate uliochomwa kwenye matawi, wanamimina pombe ya matufaha kwenye mizizi, wanapiga masufuria na kuimba ili miti izae. Mimi nilishika juisi yangu nikamwambia binti yangu, tazama vizuri, hili ni tambiko. Akaniambia mama usiseme kwa sauti. Nikasema wao wenyewe wanajua.

Ukuta wa magharibi tuliungoja mpaka kiangazi cha 2025, kwa sababu kibali cha halmashauri kilichukua miezi na chokaa haipigwi wakati wa baridi. Ikigandishwa na barafu kabla haijashika, inamomonyoka. Fundi alikuwa kijana wa pale Leominster. Alibandua simenti kwa patasi, polepole, na nyuma yake mbao mbili za chini zilitoka zenyewe kwa mkono, nyeusi, laini, zinanuka kama shimo. Akakata palipooza akaunga mwaloni mpya. Fito zilizokatika akazisuka upya. Kisha akachanganya chokaa na mchanga, akatia manyoya ya mbuzi yaliyokatwakatwa ili isipasuke, na nikamkumbuka mzee wa tochi kichwani na swali lake.

Nikampigia mjomba kwa video. Alikuwa barazani, anatafuna muhogo. Nikaigeuza simu aone.

"Mwambie aloweshe ukuta kwanza," mjomba akasema kabla hata ya salamu. "Na asipige jua likiwa kali, itamkaukia mkononi."

Fundi alikuwa ndiyo kwanza anachukua bomba la kunyunyizia maji, na ametundika magunia mabichi upande wa jua. Mjomba akaisogeza simu karibu na jicho, akatazama fito, akatazama udongo, akatazama mbao.

"Hao Wazungu nao wana nyumba za udongo?"

"Tangu zamani, mjomba."

"Na bei gani hiyo?"

Nikamwambia, kwa shilingi. Muhogo ukasimama hewani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, huko ulifuata nini?"

Fundi akageuka, mwiko mkononi, akauliza mzee anasemaje.

"Anasema," nikamwambia, "ongeza maji kidogo upande wa kushoto."